Arizona: Inua paneli, usilale gizani!

Msomaji, kama unadhani Marekani kila mtu anaishi ghorofani, basi fika Quartzsite. Ni kimji cha jangwani huko Arizona, kama kilomita 200 magharibi ya Phoenix. Sensa ya 2020 ilikuta wakazi 2,413 tu. Lakini baridi ikianza kule kaskazini, watu wanamiminika kwa maelfu na magari yao ya kulala. Kitanda, jiko, friji, choo, vyote humo humo! Wengi ni wazee wa pensheni, na wapo ambao gari ndiyo nyumba yao pekee.

Ukiingia mjini pita uone kaburi la piramidi lenye sanamu ya ngamia juu yake. Hapo amelala Hadji Ali, aliyeletwa 1856 kuchunga ngamia wa jeshi la Marekani. Jina likawashinda wenyeji, wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902.

Nje ya mji serikali imetenga jangwa la kupiga kambi, 15 Septemba hadi 15 Aprili. Unalipia kibali, unajichagulia kiwanja. Nguzo za umeme? Hamna. Paneli ya sola juu ya paa inachaji betri mchana, usiku betri inaendesha taa na friji. Wapo pia wanaolala na mashine ya kusaidia kupumua. Betri ikiisha usiku wa manane, hapo si utani tena.

Kasheshe ni jua lenyewe. Dar hata mwezi Juni jua la adhuhuri liko juu kama nyuzi 60, paneli ikilala bapa poa tu. Quartzsite mwishoni mwa Desemba linapanda nyuzi 33, basi. Paneli iliyolala inapata kama nusu tu ya miale ambayo ingeipata kama ingelielekea jua.

Sasa dawa yake ni rahisi, wazee wanachonga wenyewe. Tafuta vipande viwili vya alumini ya engo, vishikio vinne, bolti zisizoshika kutu na nati zenye masikio, zile za kufunga kwa vidole. Funga vishikio kwenye paa, kimoja kila kona ya paneli, na matundu yote yazibe kwa silikoni, la sivyo mvua itakutembelea kitandani. Ukifungua bolti za upande mmoja, za upande wa pili zinageuka bawaba.

Halafu kata miguu. Kutoka tundu la juu hadi la chini, urefu uwe sawa na umbali wa bolti ya mbele hadi ya nyuma ya paneli. Umeona ujanja? Pande tatu sawa, kila kona nyuzi 60! Desemba pale zinatakiwa 57, kwa hiyo umepatia bila kipimo chochote.

Paki gari likiangalia mashariki au magharibi, bawaba ziwe kusini, nyanyua upande wa kaskazini. Waya uachie ulegee kidogo. Upepo ukichachamaa, shusha. Kabla ya kuwasha gari, shusha pia, maana paneli iliyosimama barabarani ni tanga.

Na wewe unayekwenda Serengeti na gari lako? Miguu achana nayo. Wewe futa vumbi tu, jua la kwetu linakufuata lenyewe.