Perege Mweusi wa Sebleni

Mtoto wa dada yangu kanunua samaki wa kutazama. Kamweka ukumbini, pale anapokaa Michenzani, mjini Unguja, ndani ya kioo chenye taa ya buluu na mashine ya kupuliza hewa, na majirani wanapanda ngazi kuja kumwona. Muuzaji alimwambia ni samaki wa nadra, katoka nje. Jina lake hakulijua, na huko kutojulikana ndiko kulikopandisha bei.

"Mjomba, hebu mtazame. Aina gani huyu? Nikimuuza leo si ntapata pesa nzuri?"

Nikainama. Mweusi ti, ukingo wa pezi la mgongoni mwekundu, taya zimetokeza mbele. Kila upande wa pua ana tundu moja tu, wakati samaki wengi wana mbili. Mkia hauna ile mistari ya kusimama aliyonayo sato. "Huyu perege," nikamwambia. "Wa Sebleni." Akacheka, kadhani namtania. Sebleni anayoijua yeye ni ya mafuriko, ya magodoro yaliyokuwa yakianikwa juu ya mabati kila baada ya masika. Kwamba maji yale yaliwahi kuwa na wenyewe, hilo hajapata kulisikia, na hakuna skuli iliyomwambia.

Utotoni kwetu bonde lile la Sebleni likijaa lilikuwa letu, vijana wa Kwaalimsha, Mwembeladu na Kwahani. Maji yakipungua yalibaki madimbwi ya kina yenye mayungiyungi, na humo ndimo perege alimokaa mwaka mzima. Palikuwa na mwingine, mdogo kama kidole cha mtoto, mkia mwekundu, akionekana baada ya mvua na kutoweka kiangazi. Wakubwa wakisema anateremka na mvua. Kumbe mayai yake hulala ndani ya tope kavu yakingoja maji. Mjerumani Pfeffer alimwandika mwaka 1893 kwa samaki waliotoka hapa hapa, akamwita *Nothobranchius guentheri*. Kwa asili yupo Unguja tu, lakini leo wafugaji wa Ulaya wanatumiana mayai yake kwa posta, ndani ya mboji yenye unyevu. Hayo ni yake. Mimi nasema habari ya perege.

Hakuna aliyemla. Mtu wa mitaa yetu ya Ng'ambo aliyelelewa kwa changu na kolekole hawekewi samaki wa tope mezani. Hata miaka ile ya foleni za chakula, ambayo sina haja ya kuieleza, mama alikuwa radhi atupikie muhogo kwa chumvi kuliko kutia perege chunguni. Tulimvua kwa kipande cha chandarua, tukamtia katika mkebe wa maziwa ya unga, na mkebe tukaupeleka dukani.

Duka lilikuwa pembeni ya njia, Mwembeladu, la mzee wa Kingazija. Mlango wake ulikuwa wa mbao za kupachika, akizitoa moja moja asubuhi na kuzipanga kiwambazani kwa utaratibu uleule. Ukiingia unapokewa na mafuta ya taa, kisha ng'onda waliotundikwa juu ya mizani, kisha sabuni ya mche, na nyuma kabisa, kwa mbali, udi wa mkewe. Mpaka leo nikisikia mafuta ya taa na ng'onda kwa pamoja nakumbuka deni la nyumbani kwetu, maana aliliandika kwa chaki nyuma ya ubao wa tatu, na ubao ule ukitolewa mlangoni kila mpita njia analisoma. Hakuwa mkarimu, tusidanganyane. Sukari yake ilipimwa na kidole gumba chake ndani ya mizani.

Lakini kwa samaki alikuwa mtu mwingine. Nyuma ya duka alikuwa na birika la maji, na perege aliwafuga humo wale viluwiluwi vya mbu. Juu ya kaunta aliweka mtungi wa kioo uliokuwa wa lawalawa. Dume jeusi ukimpelekea, hata liwe kubwa vipi, anakuambia rudisha dimbwini. Alilotaka ni jike lile la kijivu lisilo na sura, ila liwe limevimba chini ya kidevu. Kwa jike hilo alitoa thumuni, na hakupunguza.

Siku za mwanzo hatukujua kwa nini. Baadaye akatuita tusimame kimya mbele ya mtungi. Jike halikuwa likila kitu. Lilikuwa likitafuna hewa, taratibu, na kooni kukionekana chembe zikigeuka. Siku ilipofika likafungua kinywa na vitoto vikamiminika mbele yake kama vumbi. Mzee akagonga kioo kwa ukucha. Vyote vikarudi kinywani kwa mkupuo mmoja, jike likafunga mdomo, mtungi ukawa na samaki mmoja tena. Aligonga kwa kila mteja aliyetaka kuona, na wateja waliokuja kwa kibiriti walikaa mpaka adhana.

Dada yangu anasema duka lilifungwa kabla televisheni haijaja. Mimi nasema baada. Nimetazama: televisheni yetu ilianza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Haikutusaidia kitu, kila mmoja kabaki na lake.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kimetendeka tayari, nasi tukiwa ukingoni mwa dimbwi na mkebe. Katika miaka ya 1950 perege wa Zanzibar alipelekwa Malacca, nchi ya Malaya, kwenye mabwawa ya utafiti. Mwingereza C. F. Hickling akapandisha dume la Zanzibar kwa jike la perege wa Msumbiji aliyekuwa akifugwa kule Java. Watoto wote wakatoka madume. Akageuza, jike la Zanzibar kwa dume la Java, wakatoka madume watatu kwa jike mmoja. Aliyachapisha mwaka 1960. Asiyefuga atauliza kuna nini hapo. Perege huzaa upesi mno, bwawa likajaa vidagaa vilivyodumaa. Ukiwa na madume matupu hakuna kuzaana, na dume hukua haraka kuliko jike. Wafugaji walikuwa wakiwatenga kwa mkono, samaki mmoja mmoja.

Lakini samaki mwenyewe alikuwa hana jina lake. Aliitwa tu "wa Zanzibar". Bibi Ethelwynn Trewavas, wa jumba la makumbusho la London, ndiye aliyekaa akahesabu miiba na magamba, na mwaka 1966 akampa *Tilapia hornorum*, na makazi yake ya asili akayataja Mto Wami, bara, unaoingia baharini ukitutazama sisi. Baadaye akaitwa *Oreochromis urolepis hornorum*. Damu yake ilifika kaskazini-mashariki ya Brazil, na katika perege wekundu wa Florida wanaouzwa mahotelini imo.

Mngazija wetu alitoa thumuni kwa jike, Malacca walitaka dume. Ila wote wawili walimtazama kwanza, ndipo wakataja bei.

Baadaye bondeni ni mbio. Viwanja vikagawiwa, kifusi kikamwagwa, taka zikafuata kifusi, nyumba zikafuata taka. Mitaro mikubwa ikachimbwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na haki ya Mungu ilihitajika, watu walikuwa wanalala majini. Lakini sikusikia hata mtu mmoja aliyeuliza ndani ya maji yale mna nini. Siku hizi mtaroni kuna chupa za plastiki na nepi.

Kijana wangu anataka bei, basi nimemwambia ukweli. Samaki wa jamii hii thamani yake ni jina na mahali. Tropheus wa Ziwa Tanganyika hubadilika rangi ufuko hadi ufuko, ndiyo maana mnunuzi makini wa Ulaya huuliza kwanza kavuliwa wapi. Asiyejulikana alikotoka hununuliwa na wasiojua. Na siku hizi jicho peke yake halitoshi: sato amebebwa akamwagwa katika maji mengi ya Tanzania yasiyo yake, anazaana na wenyeji, na chotara hujulikana kwa vinasaba. Mwaka 2018 Genner, Turner na Ngatunga walitoa kijitabu cha perege wa Tanzania, chenye picha. Ningefurahi kukiona katika kila skuli ya Unguja kabla ya kompyuta mpya.

Nyinyi mlioko Cheju, Bumbwisudi na Kibokwa, ambako mabonde ya mpunga bado yana maji: msiwatie sato kwa sababu ya mradi wa mtu. Mkimwona dume jeusi, mpigeni picha, andikeni jina la bonde na tarehe, kisha pelekeni Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Kazi hiyo haina gharama, na inataka kufanywa kabla ya kifusi.