Usikikimbilie Kisu, Wala Usikikimbie

Mwanangu mpenzi, nimeambiwa kwamba mwaka umepita tangu upone homa ya matumbo, na bado choo chako kikioteshwa maabara vijidudu ni vile vile, hata daktari ametaja kukutoa mfuko wa nyongo. Kikulacho ki nguoni mwako. Vijidudu hivyo hujificha ndani ya mfuko ule, hasa penye mawe, vikajifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida, nawe huumwi popote.

Upigwe kwanza picha ya ultrasaundi. Ikiwa hakuna mawe, vidonge vya siprofloksasini kwa wiki nne huwaponya wengi, mradi maabara imethibitisha kwamba vijidudu vyako havijawa sugu. Nawe uvimalize, maana nakujua, ukijiona mzima unaacha. Mawe yakiwapo, dawa peke yake mara nyingi hushindwa, na hapo upasuaji unastahili kusikilizwa, tena saratani ya mfuko wa nyongo huwapata zaidi wanaokaa na vijidudu hivi miaka mingi. Lakini uingie ukijua kuwa vingine huweza kubaki kwenye ini na mirija yake, na wapo waliotolewa mfuko wakaendelea kuvibeba.

Kisu hakinitishi kama aibu inavyonitisha, mwanangu, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine humuumbua kwa kuua wengine. Mary Mallon, mpishi wa New York mzaliwa wa Ireland, alitengwa kisiwani mwaka 1907 kwa kubeba vijidudu hivi hivi. Madaktari walitaka kumtoa mfuko wa nyongo, akakataa, nami simlaumu, kwani upasuaji wa siku zile ulikuwa wa hatari na yeye hakujisikia mgonjwa. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, kisha akabadili jina akarudi jikoni, na mwaka 1915 watu 25 wakaugua katika hospitali ya wazazi alikopika, wawili wakafa. Akarudishwa kisiwani hadi kufa kwake mwaka 1938.

Kubeba vijidudu si dhambi yako. Ila najua jiko ndilo riziki yako, na najua kodi ya nyumba haingoji, na hapo ndipo utakaposhawishika kunyamaza. Basi usiwapikie watu mpaka daktari aridhike na vipimo vya choo vya mfululizo. Kodi ya miezi hiyo nitailipa mimi, na nikitangulia, nimekwisha kuzungumza na shangazi yako.