Siku Mbili Bagamoyo Pamoja na Mafundi wa Cherehani

Wengi wenu mwaijua Bagamoyo kwa kusoma, na wengine mmekwisha kwenda kuhiji huko. Sisi nasi tulikuwa tumekwenda mara mbili pamoja na waalimu wenzetu. Lakini safari yetu ya tatu, ambayo twataka kuwasimulia hapa, haikuwa ya hija. Tulikwenda karamuni.

Mwenzetu wa nyumbani ni fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam, ambacho jina lake hatulitaji. Kila mwaka, kabla ya Noeli, wenye kiwanda huwafanyia watu wao sherehe ya kufunga mwaka. Miaka ya nyuma walikula palepale kiwandani kati ya marobota, wakapewa soda na kilo mbili za mchele, wakaenda zao. Mwaka jana meneja akatangaza kwamba safari hii watakwenda Bagamoyo Jumamosi na Jumapili, walale usiku mmoja katika nyumba ya wageni iliyo pwani, wakatembezwe kuona mambo ya kale. Tena kila mtu aje na mumewe au mkewe. Basi sisi tukapewa fulana nyeupe yenye jina la kiwanda kifuani, ingawa hatujui kushona hata kifungo.

Asubuhi ya Jumamosi tulifika langoni saa kumi na mbili u nusu. Kijana mmoja akatupokea mfuko wetu mkononi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tulipomtazama sana tukamtambua: alijifunza katekisimu kwetu miaka kama tisa iliyopita, naye alikuwa miongoni mwa wale wanaouliza maswali mpaka mwalimu anatazama saa. Tukamwuliza, "Nawe wafanya kazi hapa?" Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Nabeba marobota." Akaupandisha mfuko wetu garini, akauweka vizuri juu ya viti. Tukamshukuru, tukakaa karibu na dirisha. Twalitaja jambo hili mapema kwa sababu hatukumkumbuka tena kijana yule mpaka usiku.

Toka Dar es Salaam hata Bagamoyo ni mwendo wa kilometa kama 70 kuelekea kaskazini. Ukipita Tegeta na Bunju na kuvuka mto Mpiji, umeingia Mkoa wa Pwani. Kisha Mapinga, Kerege na Zinga. Zamani barabara hii ilikuwa ya mchanga na mashimo, na wakati wa masika watu walilala njiani. Sasa ni ya lami, nasi tulifika kabla wanawake wa nyuma hawajamaliza nyimbo zao.

Kwanza tulipelekwa Kaole, mwendo wa kilometa chache kusini ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi mengi ya mawe ya matumbawe, na wataalamu husema msikiti mkongwe ni wa karne ya 13 hivi. Makaburi mengine yana nguzo ndefu, ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za Uchina. Maana yake ni kwamba watu wa pwani hii walikwisha fanya biashara na dunia ya mbali kabla meli yo yote ya Ulaya haijaonekana huku. Bandari yao haionekani tena; mikoko imeota mahali palipokuwa na majahazi. Mafundi wa cherehani walipiga picha nyingi kwa simu zao. Mmoja wao aligusa ukuta wa msikiti kwa kidole, kama mtu apimaye kitambaa, akasema, "Mshono wa watu hawa haujafumuka." Tuliyapenda maneno hayo kuliko yote aliyotueleza kiongozi wetu.

Mjini tulipita upesi kidogo, kwa kuwa jua lilikuwa kali na watoto wa mkuu wa stoo walitaka kuoga baharini. Tuliiona Ngome Kongwe, na Boma la Wadachi. Yafaa mkumbuke kwamba Bagamoyo palikuwa makao makuu ya Wadachi tangu mwaka 1888 mpaka 1891, kabla ya serikali yao kuhamia Dar es Salaam. Tulionyeshwa pia mahali zilipofikia misafara ya bara, yaani watu waliotoka Ujiji na Unyanyembe wakichukua pembe za ndovu mabegani. Na wengi waliokuja katika misafara hiyo walikuwa watumwa. Kuhusu jina la mji kuna maneno mawili. Wengine husema ni la wapagazi, ambao walipoiona bahari walibwaga mzigo na moyo ukatulia. Wengine husema ni la watumwa, walioiacha mioyo yao hapo kwa kukata tamaa. Kiongozi alituuliza twachagua lipi. Watu wakacheka tu, maana harufu ya pilau ilikuwa imeanza kutufikia.

Sasa tuje kwenye karamu yenyewe. Ilifanyika saa moja ya usiku chini ya minazi, taa zimetundikwa kila mahali, na viti vimevikwa vitambaa vyeupe. Palikuwa na pilau ya ng'ombe, kuku wa kukaanga, samaki wa kupaka, ndizi za kuchoma na kachumbari ya kutosha. Kabla ya kula, mshereheshaji akaona msalaba mdogo shingoni mwetu, akatuita tubariki chakula. Tukasimama, tukasali kwa sauti kubwa, kama ilivyo desturi yetu. Na katika sala hiyo tukamwomba Mungu awakumbuke watu wote wasio na chakula usiku ule. Watu wakaitikia Amina. Tukaketi, tukala, tena hatukula kidogo.

Baada ya hotuba zikaja zawadi. Fundi bora wa mwaka alikuwa bibi mmoja aliyekaa kwenye cherehani miaka 27, mtu mpole ambaye mwenzetu wa nyumbani humwita mama. Zawadi yake ilikuwa jiko la gesi, kubwa, lenye mafiga manne. Watu wakampigia vigelegele. Akapewa kipaza sauti ashukuru. Akasema, "Nashukuru, meneja wangu. Nashukuru, wanangu. Nina swali moja tu. Jiko hili atalibeba nani mpaka kwenye motokaa?"

Watu wakacheka. Mshereheshaji akajibu kwamba vijana wa mizigo wapo.

"Wako wapi?"

Hapo kicheko kikapungua. Bibi akaendelea kwa sauti ileile, "Mimi nimewaona. Wako nyuma ya ukuta, pamoja na akina mama wa kufagia. Wamekuja alfajiri na sufuria na viti hivi tulivyokalia. Waiteni basi walibebe, na kabla ya kulibeba wale."

Tulipouliza, mambo yalikuwa hivi. Vijana wale kumi na mmoja, na akina mama watatu, hawakuandikwa katika daftari la kiwanda. Waliajiriwa na wakala, na wakala ndiye awalipaye. Basi karani alipoandika majina ya karamu alilifuata daftari, na mlinzi wa lango aliifuata karatasi ya karani. Kila mmoja alikuwa na haki yake katika kazi yake. Nao waliambiwa wangoje, watakula wenzao wakimaliza.

Meneja si mtu mbaya, twamshuhudia. Aliondoka kitini mwenyewe, akaenda mpaka langoni, akarudi nao. Nyama ilikuwa imekwisha. Ulibaki wali, mchuzi na ndizi. Wengine wakagawa vilivyokuwa katika sahani zao, wengine wakatazama simu zao. Mezani petu palikuwa na kiti kitupu, na aliyekuja kukikalia alikuwa kijana wetu. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu," kama asubuhi, bila uchungu wo wote. Tukaitika marahaba. Mwenzetu wa nyumbani akamsogezea paja la kuku alilokuwa amemwekea mtoto wetu wa mwisho. Sisi hatukuwa na kitu cha kumsogezea. Sahani yetu ilikuwa mifupa mitupu, na sala yetu ilikuwa bado yasikika masikioni mwetu.

Usiku ule muziki ulipigwa mpaka saa saba. Hatukulala, na sababu haikuwa muziki.

Jumapili, baada ya Misa, tuliitembelea misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 kutoka Unguja, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Njia ya miembe ingaliko, na kivuli chake ni kizito hata saa sita. Meneja alikuwa ameagiza kwamba wale kumi na wanne nao wafuatane nasi, hivyo kijana wetu alitembea karibu na sisi. Tukafika kwenye mnara wa kanisa la kwanza, ambao huitwa Mnara wa Livingstone, na kiongozi akatusimulia habari tuliyokwisha isikia mara mbili. Lakini safari hii tuliisikia kwa masikio mengine.

Daktari Livingstone alikufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake wangaliweza kumzika na kurudi makwao. Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua na chumvi, wakauchukua mpaka pwani, zaidi ya kilometa 1,500, kwa muda wa miezi kama 9. Waliowaongoza walikuwa Susi na Chuma. Katika nchi ya Unyanyembe walikutana na Mwingereza, Luteni Cameron, naye akawashauri wamzike pale. Wakakataa. Mbele kidogo wakasikia kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite. Wakaufunga mwili upya mfano wa robota la nguo, wakapeleka watu nyuma na mzigo wa uongo, kana kwamba maiti inarudishwa kuzikwa. Kijana wetu aliposikia neno la robota, akatutazama, akatabasamu.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mapadre wakaupokea mwili kanisani ukalala hapo, ingawa marehemu hakuwa wa dhehebu lao. Kisha ukachukuliwa kwa meli ya Kiingereza mpaka Unguja, na toka huko mpaka London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Na wale walioubeba? Walilipwa ujira wao pwani, wakaambiwa waende zao. Susi na Chuma hawakuwapo mazikoni. Walipelekwa Uingereza baadaye mwaka uleule, kwa gharama ya rafiki mmoja wa marehemu, James Young, na kaburi walilikuta limekwisha funikwa.

Mmoja tu wa msafara ule alisafiri na mwili, akashika jeneza pamoja na mabwana wakubwa: Jacob Wainwright. Huyu alikuwa Myao aliyekombolewa, akasomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, Bara Hindi. Ndiye aliyesoma sala za maziko kule Chitambo, na ndiye aliyechonga maandishi juu ya mti. Chama cha misioni kilimlipia nauli. Zamani tulipokuwa tukiisikia habari yake kifua chetu kilipanuka, maana tulisema, huyu ni mwenzetu, mwana wa shule, msomaji wa sala. Jumapili ile tulitazama chini. Msomaji wa sala alipata nafasi mezani. Na sisi tulijua vema meza ni nini, na ukuta ni nini.

Watu walipokwenda kuutazama mbuyu wenye mnyororo, kijana alibaki nyuma. Akauliza, "Mwalimu, wale waliolipwa pwani, walikwenda wapi?" Tukamweleza kwamba Chuma aliongoza msafara wa Joseph Thomson mwaka 1879, akafa Unguja mwaka 1882, na kwamba Susi alifuatana na Stanley mpaka Kongo, akabatizwa Unguja mwaka 1886 kwa jina la David, akafa huko mwaka 1891.

"Na aliyekuwa akiwapikia?"

Tukamwambia kwamba mpishi wa Daktari aliitwa Halima, naye alifuata na mwili mpaka Unguja.

"Kwa miguu?"

"Mpaka pwani, kwa miguu."

Akafikiri kidogo, akacheka peke yake. Kisha mlinzi akapiga filimbi kutoka upande wa nyumba ya wageni, kwa kuwa gari la mizigo lilikuwa limefika na viti vilikuwa bado chini ya minazi. Kijana akatuaga, akaenda mbio. Tukavua ile fulana nyeupe, tukampa mwenzetu wa nyumbani aishike, tukamfuata. Viti vilikuwa 120. Sisi tulibeba 14, mgongo ukakataa.