Hewa Ijengayo, Hewa Ibomoayo

Mwashi aliyelelewa Lamu katika kazi ya chokaa huiona hewa kuwa rafiki. Mawe ya matumbawe huchomwa tanurini, chokaa ikazimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani. Baada ya hapo kazi kubwa huachiwa hewa. Chokaa huifyonza tena hewa ya ukaa iliyoipoteza tanurini na kurejea polepole kuwa jiwe. Kuta za kale za Lamu zimedumu karne nyingi kwa mapatano hayo.

Mwana wa mwashi mmoja wa aina hiyo alipokwenda Nairobi kujenga magorofa, alilazimika kujifunza upya. Zege la huko lina nondo ndani yake. Likiwa changa huwa na ualkali mkali, kipimo chake cha pH kikizidi 12, nao huivika nondo utando mwembamba unaoikinga na kutu. Hewa ya ukaa ikipenya katika vinyweleo vya zege, huigeuza chokaa iliyomo kuwa jiwe na kuuteremsha ualkali hadi chini ya 9. Utando hutoweka, nondo hushika kutu, kutu hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Hewa iliyomjengea baba ikawa tishio kwa mwana.

Tishio hilo limezidi kuzungumziwa kwa sababu ya mazingira. Utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, na zaidi ya nusu ya kiasi hicho hutoka katika jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Ndiposa sehemu ya saruji hubadilishwa kwa majivu ya volkano, kama ifanywavyo Kenya, au kwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Viambato hivi huila chokaa ya zege na kuvibana vinyweleo. Aghalabu zege la namna hii huistahimili vyema chumvi ya bahari. Hata hivyo, chokaa ndiyo akiba inayoizuia hewa ya ukaa. Akiba ikipungua, hewa husonga mbele upesi, hasa zege likikaushwa mapema.

Siku ya tatu baada ya nguzo kumwagwa, mwenye jengo, mwalimu mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote humo, aliamuru umwagiliaji ukome.

“Fundi, maji ya lori ni ghali. Nguzo si zimekauka?”

“Zimekauka, Mwalimu, na hilo ndilo liniogofyalo. Saruji hii hukomaa taratibu. Tukiinyima maji sasa, tumeikaribisha kutu.”

“Basi tungalinunua saruji tupu, isiyo na majivu.”

“Hata hiyo ingalitaka maji. Nipe siku 14.”

Kisha akamwonyesha nondo za nguzo iliyokuwa bado haijamwagwa, na nafasi aliyoiacha kati yake na mbao. Hewa ikichukua miaka 4 kupenya milimita 10, huchukua takriban miaka 16 kufika milimita 20. Kwa hivyo, fundi anayeipunguza nafasi hiyo kwa nusu huubakisha muda wa kinga robo tu. Mwalimu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Aliagiza lori la maji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa kutu huanza kabla haujaonekana. Mhandisi akikivunja kipande cha zege na kukinyunyizia fenoftalini, palipo na kinga hugeuka rangi ya waridi, na palipoliwa na hewa husalia bila rangi. Aghalabu kipimo hicho hufichua pupa ya wajenzi waliolinyima zege maji na nafasi, wala si udhaifu wa majivu. Saruji irafikiyo mazingira haina budi kupewa subira ile ile ambayo waashi wa Lamu waliipa chokaa.