Korongo Si Jalala

Nilifika korongoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Harufu ilitangulia kunipokea. Chini ya ukingo, juu ya mchanga, palilala viroba vilivyopasuka, pampasi, vipande vya vigae na mifuko mitupu ya saruji. Alama za matairi ya guta zilikuwa bado mbichi. Aliyemwaga alikuja usiku.

Bibi mmoja wa Kigogo alikuwa akiwafukuza mbuzi wake wasile nailoni. Nikamwamkia, "Mbukwenyi, bibi." Akaitikia, kisha akaelekeza fimbo penye rundo. "Mjukuu wangu, pale tulikuwa tukichimba maji. Mto huu umelala tu, haujafa."

Ndivyo ilivyo hapa Ugogo, Dodoma. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena haba. Baada ya hapo makorongo hukauka juu, lakini maji hubaki chini ya mchanga, na wenyeji huyafukua kwa mikono ili wanywe wao na mifugo yao. Anayemwaga taka humo anamwaga kisimani.

Dodoma imepanuka kwa kasi. Serikali ilianza kuhamia hapa mwaka 2016, mji ukatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu wakazi zaidi ya 765,000. Jiji lina dampo la kisasa huko Chidaya, lakini gari la taka lisipopita mtaani kwa wiki mbili, korongo ndilo huwa dampo la jirani. Masika yakifika, taka huziba makalvati, na maji huingia majumbani mwa watu wa bondeni.

Saa moja vijana wa mtaa walishuka na makoleo na reki. Kufikia adhuhuri kilikuwa kimefunuka kipande cha mchanga kisichozidi upana wa mikeka miwili. Bibi alikipapasa kwa kiganja, akasema kina unyevu.

Ndugu msomaji, lipa ada ya taka, na gari lisipokuja, mdai mwenyekiti wako wa mtaa. Ukiona guta likielekea korongoni usiku, toa taarifa usiku huohuo. Maji ya bibi yule bado yapo, chini ya uchafu wetu.