London au Tokyo? Hesabu ya likizo yetu

Haya wasomaji wangu, leo tuweke programu kando kidogo. Si sana, mtaona.

Mwaka huu nina siku 14 za likizo, akiba ya miaka 3, na tiketi tatu za kununua: yangu, ya mke wangu na ya Baba. Orodha ya miji ilikuwa ndefu, ikapunguzwa hadi ikabaki miwili: London na Tokyo. Pesa zilizopo zinatosha mji mmoja tu. Nikihesabu karo na deni la kiwanja, safari nyingine kama hii haiji kabla ya miaka 5. Kwa hiyo kuchagua si mchezo.

Kuhusu Baba. Alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Alikaa kwenye kibanda cha ishara, akivuta vyuma vya kuinua na kushusha ishara ili treni ipite au isimame. Sasa ana presha ya macho, ile madaktari huiita glakoma. Ugonjwa huu hula uwezo wa kuona polepole, mara nyingi ukianzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone hupunguza kasi tu. Mbele bado anaona vizuri. Pembeni ndiko kunakofifia.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo nikafungua lahajedwali (ndiyo, mke wangu alicheka). Njia yenyewe ni rahisi na unaweza kuitumia hata kuchagua simu. Andika vigezo vyako. Kila kigezo kipe uzito wa 1 hadi 5 kulingana na unavyokijali. Kisha upe kila mji alama 1 hadi 5 katika kila kigezo. Zidisha uzito kwa alama, jumlisha, basi. Yangu ilitoka hivi:

1. Safari ya ndege (uzito 3): London 5, Tokyo 2
2. Malazi (uzito 4): London 5, Tokyo 2
3. Lugha (uzito 3): London 5, Tokyo 2
4. Gharama za kila siku (uzito 4): London 2, Tokyo 4
5. Mambo ya teknolojia (uzito 5): London 4, Tokyo 5
6. Usafiri wa mjini kwa mzee (uzito 4): London 3, Tokyo 4

Jumla: London 90, Tokyo 77.

Niwaeleze alama hizo zilitoka wapi, maana huko ndiko kwenye utamu.

Ndege kwanza. Kutoka Nairobi hadi London kuna ndege ya moja kwa moja, saa 9 hivi angani. Kwenda Tokyo lazima uunganishe, kwa mfano Doha au Dubai, na safari yote inaweza kupita saa 17. Viza zinahitajika kote kuwili, kwa hiyo hapo hakuna mshindi. Malazi: dada ya mke wangu anaishi Reading, karibu nusu saa kwa treni kutoka kituo cha Paddington. Kitanda ni cha bure na chai ni ya maziwa. Tokyo tungelala hotelini. Lakini kula na kutembea Tokyo ni nafuu kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu yeni imeshuka sana tangu 2022. Mwaka 2024 ilifika mahali dola moja ilinunua zaidi ya yeni 160.

Teknolojia sasa. London ina jumba la Science Museum, na kuingia ni bure. Humo kuna mashine ya kukokotoa ambayo Charles Babbage aliichora kati ya 1847 na 1849 bila kuijenga. Mafundi wa jumba hilo waliifuata michoro yake, wakaimaliza sehemu ya kukokotoa mwaka 1991, miaka 200 tangu azaliwe, na ikafanya kazi! Ukitoka nje ya mji kwa treni unafika Bletchley, mahali ambapo kompyuta ya Colossus ilitumika kuanzia 1944 kufungua siri za jeshi la Ujerumani. Ukienda Greenwich unasimama juu ya mstari ambao mwaka 1884 mataifa yalikubaliana uwe nyuzi sifuri ya longitudo. Kila saa unayoandika kwenye programu yako ina uhusiano na mstari huo.

Tokyo ina Akihabara, mtaa uliokua baada ya Vita vya Pili kutokana na wauzaji wa vipuri vya redio. Hadi leo kuna vibanda vidogo karibu na njia ya treni vinavyouza swichi, nyaya na taa ndogondogo kwa anayejenga kitu chake. Halafu kuna kadi ya Suica. Ilianza Novemba 2001: unaigusisha getini na unapita. London walileta Oyster mwaka 2003. Sisi tulijaribu kadi kwenye matatu mwaka 2014, na mnajua ilivyoishia.

Usafiri wa mjini. Treni ya chini ya ardhi ya London ndiyo ya kwanza duniani, ilifunguliwa Januari 1863. Uzee huo una bei yake: kati ya vituo 272, takriban theluthi moja tu ndivyo unavyoweza kufika bila kupanda ngazi. Tokyo vituo vingi vina lifti, na sakafuni kuna vigae vya njano vyenye vinundu ambavyo mtu asiyeona vizuri huvihisi kwa mguu au fimbo. Vigae hivyo ni uvumbuzi wa Mjapani, Seiichi Miyake, na viliwekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Kwa mtu ambaye pembeni haoni, ukingo wa jukwaa la treni ni hatari ya kweli.

Basi London ilikuwa mbele kwa alama 13. Nikamwendea Baba kumpa habari njema. Jibu lake:

"Kijana wangu, London nimeisikia tangu ujana. Redio ilikuwa ikiniletea kila jioni. Hata nikifumba macho najua ilivyo. Hiyo Tokyo sijawahi kuisikia. Hiyo ni ya kuona."

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, na Baba amekuwa msikilizaji wake maisha yake yote. Na amesema jambo ambalo ni kigezo halali kabisa: tukiahirisha miaka 5, kitapotea nini? London, hata macho yakiwa yamefifia, atazungumza na watu kwa Kiingereza, atauliza, atasimuliwa. Tokyo hana lugha ya kuulizia. Atakachopata huko atakipata kwa macho.

Na kwa mtu wa reli, cha kuona kipo. Reli ya kwanza ya Japani, ya mwaka 1872, ilisimamiwa na mhandisi Mwingereza, na nyingi za reli zao za zamani ni nyembamba, milimita 1,067. Yetu ya zamani, iliyoanza Mombasa 1896, ni milimita 1,000. Mwaka 1964 wao wakafungua Shinkansen kwenye reli pana ya milimita 1,435, upana uleule wa SGR yetu ya 2017. Tangu 1964 hakuna abiria wa Shinkansen aliyekufa kwa treni kugongana au kuacha reli. Tena madereva wao hunyoosha kidole kwenye ishara na kutamka kwa sauti wanachokiona, hata wakiwa peke yao, ili mkono, jicho na mdomo vikubaliane. Nilipomweleza Baba hilo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao wanajua kazi."

Nikaongeza kigezo cha 7, "kisichoweza kungoja": London alama 1, Tokyo alama 5. Uzito je? Angalieni. Nikiweka 3, London inashinda kwa 93 dhidi ya 92. Nikiweka 4, Tokyo inashinda kwa 97 dhidi ya 94.

Hapo lahajedwali hunyamaza. Imenileta mpaka mlangoni na kuniambia swali langu hasa ni lipi: macho ya Baba yana uzito wa 3 au wa 4? Hakuna fomula ya kujibu hilo. Na aliyekuwa na cha kupoteza hakuwa mimi, alikuwa mke wangu, ambaye hajakutana na dada yake tangu 2016. Nikamwonyesha skrini. Aliangalia zile namba muda mrefu.

"Dada naongea naye kila Jumapili kwa video," akasema. "Weka 4."

Nikaweka 4.

Kwa hiyo ni Tokyo, mwezi wa Novemba, baridi ikiwa bado ya kuvumilika. Siku moja ni ya jumba la makumbusho ya reli kule Omiya, siku moja ya Akihabara (yangu hiyo), na siku moja ya Shinkansen, Baba akae dirishani. Pasi ya reli ya siku 7 hatununui. Ilipandishwa Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na kwa safari moja ya kwenda na kurudi tiketi za kawaida ni rahisi zaidi. Akiba ya Reading inaanza mwezi huohuo tukirudi, na jina kwenye akaunti ni la mke wangu.

Nanyi mkiwa na miji miwili mkononi, tengenezeni jedwali, lakini msitafute mshindi pekee. Badilisheni uzito mmoja mmoja hadi mshindi ageuke. Pale anapogeukia ndipo penye jambo la kuzungumza nyumbani.