Paja la Khaloo

Khaloo, mdogo wake mama, aliolewa Kitui angali mwanamwari wa Mombasa, na huko akajaaliwa watoto wanane. Uzee ulipomfikia alikonda sana. Tangu mwaka juzi alilalamikia maumivu ndani ya paja, yakishuka hadi gotini, nasi jibu tulikuwa nalo: baridi yabisi. Tukamsugua mafuta ya karafuu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini alipata nafuu akikunja mguu, wala kwa nini mara nyingine maumivu yale yaliandamana na kutapika.

Mwezi wa Shaabani alivuka mto Athi kwenda kwa binti yake Kibwezi, Makueni. Huko tumbo likamjaa, akatapika maji ya kijani. Katika zahanati moja mwuguzi alimwuliza kama anapata choo na kutoa hewa. Mkwewe alikuwa amesimama pale. Khaloo akainamisha kichwa, akajibu kuwa hajambo. Akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Kumbe siku ya tatu ile hakuwa ametoa hata hewa! Haya ni pambo, sikatai. Ila sote tulimjua Khaloo, na hapana aliyefikiri kumtoa mkwewe chumbani.

Niliposhuka stesheni ya Kibwezi nilikuta keshapelekwa hospitali kubwa. Eksirei ilionyesha utumbo umeziba. Kilichouziba hakikujulikana mpaka alipopasuliwa. Ilikuwa ngiri, lakini si ile ya kinena yenye uvimbe wa kushikika. Daktari alinichorea: katika mfupa wa nyonga mna tundu dogo, apitapo mshipa wa fahamu uendao pajani. Kwa kawaida mafuta ya mwili hulijaza. Mwanamke mzee, mwembamba, aliyezaa sana, mafuta yale yakipungua na misuli ikilegea, utumbo waweza kupenya humo na kuubana mshipa. Ndipo paja huuma, na nje hapaonekani kitu.

Kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa kwa kukosa damu. Wakakikata, wakaunga ncha mbili, wakalishona tundu kwa uzi. Wavu hawakuweka, wakichelea usaha.

Siku ya nne baada ya upasuaji mwuguzi alimwuliza tena swali lile. Mkwewe akatoka nje bila kuambiwa. Khaloo akajifunika uso kwa leso, akasema, "Nimetoa, mwanangu." Tukasema Alhamdulillahi kwa sauti, wodi nzima ikageuka kututazama.